Nyumba Njema si Mlango: Ngome ya Karema na Makasri ya Wakubwa

Mtu akitajiwa kasri la kale lenye bustani, fikira zake huruka hadi Ulaya. Huyaona makasri ya mtindo wa baroki, mtindo uliochipuka Italia mwishoni mwa karne ya 16, ukaenea katika nchi za wafalme na maaskofu katika karne ya 17 na ya 18. Mfano wake ulio mashuhuri kupita yote ni Versailles, karibu na Paris, ambako mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa alihamishia serikali yake mwaka 1682. Humo kuta zimejaa dhahabu na vioo, dari zimechorwa mawingu na miungu ya kale, na ngazi zimejengwa kwa upana wa kumtisha mgeni kabla hajamwona mwenyeji. Nje ziko bustani zilizopangwa na André Le Nôtre: njia zilizonyooka kama uzi wa fundi, miti iliyokatwa ikawa kama kuta, mabwawa yaliyochimbwa kwa kipimo, na maji yanayorushwa juu kwa amri. Asimamaye kwenye dirisha la mfalme huiona nchi yote imepangwa mbele ya macho yake, na hilo ndilo lililokusudiwa. Bustani ile iliwaambia watu wote kwamba mbele ya mfalme hata mti hauna ruhusa ya kuota upendavyo.

Mkoa wa Katavi hauna kasri la namna hiyo, wala sisi hatudai kwamba unalo. Unayo ngome. Iko Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, magharibi ya mji wa Mpanda, katika wilaya ambayo leo huitwa Tanganyika. Haina dhahabu wala vioo, na hakuna maji yanayorushwa mbele yake. Hata hivyo twathubutu kusema kwamba ngome hii ni mtoto wa kasri, na ya kuwa asiyeijua hawezi kuyaelewa vyema makasri ya Ulaya, wala yale yaliyoko kwetu Unguja. Kwa ajili hiyo twawaandikia leo watu wa namna mbili. Kwanza ni ndugu zetu wa visiwani, ambao wengi wao huiona Mpanda kuwa mbali kuliko Maskati. Pili ni maofisa wa serikali, wa bara na wa Zanzibar, ambao kalamu zao ndizo zinazoamua ni jengo gani litunzwe na lipi liachwe lianguke.

NJIA YA KUFIKA

Atokaye Unguja huvuka bahari hadi Dar es Salaam, kisha huifuata reli ya kati mpaka Tabora na Kaliua, na hapo hushika tawi la reli liendalo Mpanda. Tawi hilo lilijengwa na serikali ya Waingereza katikati ya karne ya 20 kwa ajili ya madini ya risasi yaliyochimbwa Mpanda. Mgodi ulikwisha, reli ikabaki, na mji ukakua kandokando yake. Mwaka 2012 Mpanda ikawa makao makuu ya mkoa mpya wa Katavi, uliomegwa kutoka Rukwa. Kutoka hapo barabara huelekea magharibi, zaidi ya kilomita 100, kati ya misitu ya miombo, mpaka nchi inapoteremka na ziwa kuonekana.

Msafiri wa visiwani anayekwenda njia hiyo yampasa akumbuke kwamba kwa sehemu kubwa anatembea juu ya nyayo za wazee wake. Njia ya misafara ya karne ya 19 ilitoka Bagamoyo ikapita Ugogo, ikafika Tabora, na kutoka Tabora ikagawanyika kuelekea Ujiji na kusini mwake. Wapagazi wa pwani na wa Unyamwezi walikwenda bara na vitambaa vya merikani, shanga na nyaya za shaba. Walirudi pwani na pembe za ndovu mabegani. Pamoja nao waliletwa watu waliofungwa minyororo, ambao hawakuulizwa kama wanataka safari. Ujuzi wote wa njia hiyo, yaani visima viko wapi, mtemi yupi hutoza hongo kiasi gani, na lugha ipi itamfaa msafiri, ulikuwa katika vichwa vya watu waliosema Kiswahili. Mzungu yeyote aliyetaka kufika ziwani alianzia Unguja, akaomba barua za Sultani, akaajiri wapagazi na askari, ndipo akavuka.

KASRI LILILOIZAA NGOME

Mnamo Septemba 1876 mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji aliwaalika wapelelezi wa Afrika na wataalamu wa jiografia katika kasri lake la Brussels. Aliwakirimu kwa karamu, akawalaza katika vyumba vya kifalme, na mwisho wa mkutano ikaundwa Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika, yeye mwenyewe akiwa mwenyekiti. Makusudi yaliyotangazwa yalikuwa mema yasiyo na dosari: kuendeleza elimu, kufungua njia, kukomesha biashara ya watumwa. Ilikubaliwa vijengwe vituo kutoka pwani hadi ndani ya bara, ambamo msafiri atapata chakula, dawa na ulinzi.

Msafara wa kwanza wa Wabelgiji ulipitia Unguja. Wawili kati ya wakuu wake walifariki huko huko Unguja mnamo Januari 1878, kabla safari ya bara haijaanza. Uongozi ukamwangukia Luteni Ernest Cambier, ambaye aliondoka pwani mwaka huo, akasumbuliwa na maradhi na wapagazi waliotoroka, na hatimaye akafika Karema mnamo Agosti 1879. Hapo, katika nchi ya Wabende, juu ya kilima kidogo kilichozungukwa na ardhi ya majimaji, akaanza kujenga. Waliomfuata walizidi kuiimarisha kazi yake. Mmoja wao, Kapteni Ramaeckers, alifia hapo hapo mwaka 1882.

Sasa mtazamaji na ajiulize: kilima hiki kilipangwa na nani? Ramani zilitoka Brussels, fedha zilitoka kwa matajiri wa Ulaya, lakini udongo ulikanyagwa na miguu ya wenyeji, tofali zilipigwa kwa mikono yao, na miti ya paa ilibebwa mabegani mwao. Ulinzi wa usiku ulifanywa na askari walioajiriwa Unguja na njiani. Majina ya makapteni yamo vitabuni, kwa kuwa wao wenyewe waliandika vitabu hivyo. Majina ya waliojenga hayamo. Hivyo ndivyo ilivyo katika makasri yote ya duniani, tangu Versailles mpaka Forodhani, na kwa hiyo tusione ajabu kuyakosa Karema. Ila tusikubali kwamba kukosekana kwa jina ni kukosekana kwa mtu.

NDOVU WA BARA HINDI

Kisa kimoja cha miaka hiyo chafaa kusimuliwa, kwa sababu chaonyesha jinsi mipango ya makasri inavyokutana na nchi yenyewe. Mfalme Leopold aliona kwamba mizigo ya misafara yachukuliwa kwa mabega ya watu, na kwamba punda na ng'ombe hufa njiani kwa mbung'o. Akafikiri ndovu watafaa. Mwaka 1879 ndovu wanne waliofunzwa kazi waliletwa kwa meli kutoka Bara Hindi, pamoja na walezi wao, wakateremshwa Msasani, karibu na Dar es Salaam. Msimamizi wao alikuwa Frederick Carter, mtu aliyewahi kukaa katika nchi za Ghuba. Msafara ukaelekea bara, watu wakitoka vijijini kutazama ndovu anayemtii binadamu.

Mbung'o hawakuwaua ndovu hao kama walivyowaua ng'ombe. Waliuawa na kazi nzito, mizigo iliyozidi, na chakula wasichokizoea. Mmoja baada ya mwingine walianguka, na ni wachache tu waliosogea karibu na ziwa. Carter aliondoka Karema mwaka 1880 kurudi pwani. Mnamo Juni mwaka huo, alipokuwa Mpimbwe pamoja na mwenzake Cadenhead, mji huo ulishambuliwa na majeshi ya Mirambo na washirika wake, nao wote wawili wakauawa. Mpimbwe hiyo ni hii hii ya mkoa wa Katavi, kusini ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, ambamo ndovu wa Afrika hutembea kwa makundi bila kumbebea mtu mzigo. Mgeni aendaye hifadhini kutazama viboko na ndovu hupita karibu kabisa na mahali mpango wa mfalme ulipokatikia.

NGOME YAGEUKA MISHENI

Mkutano wa Berlin ulipomalizika mwaka 1885, mambo yakawa bayana. Leopold alikuwa amejipatia Kongo iwe milki yake binafsi, na ukingo wa mashariki wa ziwa ukawa unaelekea mikononi mwa Wajerumani. Karema haikumfaa tena. Mwaka huo huo ngome ilikabidhiwa kwa Mapadri Weupe, shirika la Kardinali Lavigerie, pamoja na kituo cha Mpala ng'ambo ya pili. Mahali palipojengwa kwa jina la sayansi pakawa misheni, na kwa muda mrefu Karema ikawa kiti cha maaskofu wa upande huu wa ziwa. Hata jimbo la Kanisa Katoliki lililoanzishwa mwaka 1953 liliitwa Karema, kabla halijabadilishwa jina kuwa Sumbawanga mwaka 1969.

Kati ya wote walioishi Karema, mmoja astahili kukumbukwa na kila Mtanzania, awe wa dini yoyote. Naye ni Adrian Atiman. Alizaliwa Afrika ya Magharibi, karibu na mto Niger, katika nchi ambayo leo ni Mali. Angali mtoto alitekwa na kuuzwa, akavushwa jangwa la Sahara, akakombolewa na wamisionari huko Aljeria, akasomeshwa uganga huko Malta. Mwaka 1888 alipita pwani yetu, akatembea kwa miguu mpaka ziwani, na mwaka 1889 akafika Karema. Hapo alioa, akazaa, akatibu. Alitibu majeraha ya vita na ya wanyama, homa, macho na uzazi, na alijifunza dawa za miti kutoka kwa wenyeji bila kuona aibu. Alikaa Karema mpaka alipofariki mwaka 1956, miaka 67 tangu afike. Mfalme aliyeanzisha ngome hii hakukanyaga Karema hata siku moja. Mtoto aliyeuzwa kama mbuzi ndiye aliyeipa ngome maana. Iwapo mtu atatuuliza kwa nini kuta za Karema zihifadhiwe, jibu letu la kwanza ni hilo.

ZIWA LILIRUDI NYUMA

Mgeni afikapo Karema hushangaa kuona kwamba kilima cha ngome kimeachana na maji, ilhali waliojenga walitaka kuwa kando yake. Ziwa ndilo lililohama. Kwa miaka mingi mlango wa mto Lukuga, upande wa Kongo, ambao ndio pekee utoao maji ya Ziwa Tanganyika, ulikuwa umezibwa na tope na majani. Maji yakajaa mpaka yakauvunja mzibo huo mnamo mwaka 1878. Kuanzia hapo ziwa likashuka mwaka hata mwaka, na kufikia katikati ya miaka ya 1890 lilikuwa limeteremka karibu mita 10. Ufuko wa Karema ukawa uwanja, na bandari ya ngome ikawa nchi kavu.

Makasri yana bustani ambazo maji hukaa pale yalipoamriwa. Ngome ya Karema ilipewa funzo tofauti tangu mwaka wake wa kwanza. Wala ziwa halijanyamaza: kuanzia mwaka 2020 limepanda tena kwa kishindo, likameza nyumba na barabara katika miji ya kandokando yake, Bujumbura, Kalemie na Kigoma. Serikali yetu nayo imejenga bandari mpya Karema, iliyokamilika mwaka 2022, ili mizigo ya Kongo ivuke hapa. Wajenzi na wapangaji wa leo wasiipite historia ya kilima kile bila kusimama.

Mtu aweza kuuliza: na bustani je, iko wapi? Twamjibu kwamba Katavi inayo, ila haikupangwa kwa kamba. Kando ya Ziwa Katavi, ndani ya hifadhi, upo mti wa mkwaju unaoheshimiwa na wenyeji kuwa ni makazi ya roho ya Katabi, mwindaji wa kale ambaye jina la mkoa latokana naye. Watu hufika hapo kuweka sadaka na kuomba. Hakuna aliyeunyoosha mti huo wala kuukata uwe mraba. Katika bustani ya Louis, mti hukatwa ili ukubwa wa mtu uonekane. Katika bustani ya Katabi, mkono wa mtu huzuiwa ili ukubwa wa mti uonekane. Mgeni mwenye akili na azione zote mbili kabla hajasema ni ipi iliyo ya ustaarabu.

KILE KILICHOCHUKULIWA

Hadithi ya Karema haiishii Karema. Mkuu mmoja wa kituo hiki, Luteni Émile Storms, alivuka ziwa mwaka 1883 akajenga Mpala. Huko alipambana na watemi wa Watabwa, na mnamo Desemba 1884 watu wake walimuua mtemi Lusinga. Kichwa cha Lusinga kilikatwa, kikapelekwa Ubelgiji pamoja na sanamu ya mizimu ya ukoo wake. Fuvu limehifadhiwa katika taasisi ya sayansi ya viumbe mjini Brussels. Sanamu imo katika makumbusho ya Afrika huko Tervuren.

Tervuren, basi, ni kasri. Lilijengwa kwa amri ya Leopold, kwa ramani ya Mfaransa Charles Girault, likafunguliwa mwaka 1910, baada ya mfalme kufa. Mbele yake zimetandazwa bustani za mtindo wa Kifaransa, zenye njia zilizonyooka na mabwawa yaliyopimwa, kama mjukuu wa Versailles. Gharama zake zilitoka katika utajiri wa Kongo, na huo ulitoka katika pembe na mpira uliokusanywa kwa shuruti na mateso. Katika uwanja huo huo, mwaka 1897, Wakongo 267 waliletwa kuonyeshwa kwa watazamaji wa maonyesho ya mfalme. 7 kati yao walikufa, na makaburi yao yako kanisani Tervuren hata leo. Wabelgiji wenyewe wameanza kuulizana. Makumbusho yale yalifungwa kwa miaka mitano kufanyiwa matengenezo na kutafakari upya maelezo yake, yakafunguliwa tena Desemba 2018. Sanamu ya Storms iliyosimama mjini Brussels iliondolewa mwaka 2022.

Hatusemi haya ili kuchochea chuki. Twasema kwamba atembeleaye kasri na bustani ya Tervuren bila kuijua Karema ameona mlango tu, na wahenga wetu walikwisha tuonya kwamba nyumba njema si mlango.

KAMBA MOJA, NCHA MBILI

Wasomaji wetu wa visiwani wasidhani kwamba maneno hayo yanawahusu Wazungu peke yao. Wakati tofali za Karema zilipokuwa zikikauka juani, Seyyid Barghash alikuwa akijenga Unguja. Mwaka 1875 alizuru Uingereza, akaona majumba na viwanja vyake. Aliporudi alijenga Maruhubi, kasri lililomalizika mwaka 1882, lenye hamamu, mabwawa ya maji na viwanja vilivyozungushiwa ukuta. Na mwaka 1883 likasimama Beit al-Ajaib. Kabla yake, baba yake Seyyid Said alikuwa amejenga Mtoni, kasri la bustani ambamo Bibi Salme alizaliwa mwaka 1844. Uzuri wa majumba hayo haukatai mtu. Lakini fedha zake zilitoka katika karafuu zilizochumwa na watumwa, na katika pembe zilizobebwa kwenye njia ile ile ya Tabora. Kasri la Unguja na ngome ya Karema ni ncha mbili za kamba moja.

Na tazama yaliyoyapata. Maruhubi iliungua mwaka 1899, na leo nguzo zimesimama bila paa. Kasri la Beit al-Hukm liliangamizwa kwa mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896. Beit al-Ajaib iliponea chupuchupu siku hiyo, ikaja kuanguka kwa sehemu tarehe 25 Desemba 2020, ikiua watu, ilhali imo ndani ya Mji Mkongwe ulioorodheshwa na UNESCO tangu mwaka 2000. Kama jengo linalotazamwa na meli zote ziingiazo bandarini liliweza kuanguka mbele ya macho ya dunia, je, ngome iliyo mwisho wa barabara ya vumbi itaangukia mbele ya macho ya nani?

YANAYOTUPASA

Yuko atakayesema kwamba Katavi ina haja ya dawa, madawati na maji safi kabla ya kuta za Wabelgiji. Neno lake ni zito, na hatulidharau. Hakuna anayeomba dari za dhahabu. Twaomba mambo machache, ambayo mengi yahitaji bidii kuliko fedha.

La kwanza ni la sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Ngome ya Karema ilianzwa mwaka 1879, yaani imechelewa kwa miaka 16. Umri wake peke yake hauipi ulinzi. Ulinzi huo hutegemea tangazo la waziri, na tangazo hutegemea faili lililoandaliwa vizuri na ofisa aliyekwenda mwenyewe kuona. Maofisa wa mkoa, wilaya na idara ya mambo ya kale na washikane mikono kuhakikisha kwamba ngome na mipaka ya kilima chake vina hati isiyo na shaka. Bandari inaleta magari, maghala na bei mpya za viwanja, na kiwanja kisicho na hati ni rahisi kukiuza kuliko kukirudisha.

La pili ni kupima na kuchora. Kila ukuta, kila mlango na kila sehemu iliyoongezwa na misheni upimwe, upigwe picha, uandikwe umri wake. Jengo lililochorwa laweza kutengenezwa hata likibomoka; lisilochorwa likianguka limezikwa.

La tatu ni ufundi. Kuta za kale za udongo na chokaa hupumua. Huvuta unyevu wakati wa masika na kuutoa wakati wa kiangazi. Ukizipaka saruji, unyevu hufungiwa ndani, na ukuta huoza huku uso wake ukionekana mpya. Mafundi wa Mji Mkongwe walijifunza hayo kwa taabu, na Zanzibar inayo mamlaka ya hifadhi ya mji huo tangu mwaka 1985. Muungano wetu una mikutano mingi. Haitakuwa vibaya ukiwa pia na mafundi wachache wa chokaa kutoka Unguja wakifundisha vijana wa Karema, na vijana hao wakiwafundisha wao namna ya kazi ya udongo na miti ya bara.

La nne ni maelezo. Mahali pale ni pa ibada, na lolote litakalofanyika lifanyike kwa shauri la wenye mahali na kwa heshima yao. Lakini mgeni apate kusoma, kwa Kiswahili kwanza, kisa kizima: mfalme na mkutano wake, Cambier na wapagazi wake, wenyeji waliopiga tofali, ndovu wa Bara Hindi, Lusinga wa ng'ambo, na Atiman mganga. Wazee wa Karema waliorithi masimulizi ya wazazi wao waandikwe sasa. Nayo Nyaraka ya Taifa ya Zanzibar, huko Kilimani, inayo maandishi ya ubalozi wa Uingereza ya miaka hiyo ya misafara. Wanafunzi wa visiwani waliotafuta mada ya utafiti wanayo hapo kazi ya miaka mingi. Pengine jina moja au mawili ya waliotoka Ng'ambo au Malindi na bunduki begani, wakalinda kilima cha Karema, litapatikana. Likipatikana na liandikwe ukutani, karibu na jina la kapteni, kwa herufi za ukubwa ule ule.

La mwisho lawahusu ndugu zetu wa visiwani peke yao. Njooni muone. Tumezoea kuwaona watu wa bara wakija Unguja kushangaa Forodhani. Safari ya pili ni nadra. Mtu wa Unguja akisimama Karema atasikia lugha yake ikisemwa na wavuvi waliotoka Kongo na Burundi, mbali na mawimbi ya Hindi, na atafahamu kwamba lugha hiyo haikuruka. Ilibebwa hapa, hatua kwa hatua, na watu wenye mizigo vichwani. Huo nao ni urithi, na hakuna kasri lililopata kuwa kubwa kuliko huo.

Wazee husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mvua za Katavi huanza mwezi wa Novemba. Ofisa mwenye utepe wa kupimia na afike Karema kabla yake.